Kilichozikwa Kabla ya Mwenyewe

Sijamjua mtu aliyeyaheshimu maneno ya wengine kuliko jirani yangu mkalimani, wala sijamjua aliyeyabania yake mwenyewe kama yeye. Kwa miaka mingi tuligawana ukuta mmoja katika nyumba za zamani za baraza la jiji, nyuma ya barabara ya Jogoo, na kila asubuhi ya kazi alikwenda kwa miguu hadi korti ya Makadara kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa na kupitisha maneno. Kupitisha ndilo neno alilolitumia. Ukimsifu kwamba leo amemtetea vizuri mama fulani wa kuuza mboga, uso ulimbadilika.

“Sikumtetea,” angesema. “Aliyesema ni yeye. Mimi nimepitisha.”

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaandika. Hayo yalisomwa siku ya mazishi na mtu aliyekuwa akihangaika kutafuta miwani yake, na kila aliyetaka kuyasikia aliyasikia. Ninayotaka kuyaandika ni yale ambayo hayakusomwa.

Nilimwona kazini mara moja, siku niliyofuatana na mzazi wa mwanafunzi wangu. Kizimbani alikuwa kijana wa Mukuru kwa Reuben, kibarua wa viwandani, aliyeshtakiwa kwa vyuma vilivyopotea. Kijana alisema kwa Sheng kwamba yeye na mbogi yake walikuwa wamekaa tu hapo nje wakiota jua. Kiongozi wa mashtaka akaruka juu: mbogi si ni genge? Mkalimani hakuharakisha. Alisubiri hata ukumbi ukatulia, akamgeukia hakimu.

“Mheshimiwa, mbogi ni watu wanaopatikana pamoja. Kama hawa ni wezi, hilo ni la ushahidi. Si la tafsiri.”

Hakimu, aliyekuwa amechoka, akauliza kijana huyu anataka kusema nini hasa.

“Anachotaka kusema sikijui, mheshimiwa. Alichosema nimekitoa.”

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba kama kila mwenye ulimi katika nchi hii angekuwa na nusu ya uchaji ule, magazeti yetu yangekuwa membamba na makanisa yetu yangefunga milango mapema.

Sheng hakuipenda. Aliiona kama nguo iliyoshonwa gizani. Hata hivyo hakuna mzee mtaani aliyeijua kama yeye, kwa sababu washtakiwa walikuja nayo na yeye hakutaka mtu afungwe kwa neno ambalo mkalimani hakulielewa. Jumamosi alipita kwa vijana wanaoosha magari na kuuliza maneno mapya kwa upole wa mtu anayeuliza njia.

“Niaje, buda! Leo umekuja kuuliza gani?”

“Sijambo. Na hilo la buda, yaani mzee, nalijua tayari. Lile mlilokuwa mnaitana jana, lile la kumwita mtu aliyetoroka deni, linaanzaje?”

“Buda, wewe utatushtaki siku moja!”

“Mimi sishtaki. Mkishtakiwa ndipo mtanikuta.”

Walimpenda kwa jibu hilo, nao walimpa maneno yao kama watu wanaoweka akiba.

Ugomvi wa mtaani aliutuliza kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Mkewe, Mama Nekesa, na jirani wa upande wa pili, Mama Wambui, waligombana asubuhi moja juu ya pini za kuanikia nguo. Sauti zilipopanda, mkalimani alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama katikati, akaanza kukalimani Kiswahili kwa Kiswahili.

“Anasema wewe ni mwizi wa pini.”

“Nimesikia! Mimi si kiziwi!” akafoka Mama Wambui. “Na yeye mwambie ni mchawi!”

“Anasema wewe ni mchawi,” akamwambia mkewe mwenyewe, kwa sauti ileile ya korti, bila kupepesa. Kisha akamgeukia tena Mama Wambui. “Mama, nimelitoa sawasawa? Umesema mchawi?”

“Aa, mchawi... sijasema mchawi hivyo. Nimesema ana roho mbaya.”

“Basi narekebisha. Ana roho mbaya.”

Kufikia hapo Mama Wambui alikuwa ameshika mdomo kwa kanga, na pini zikagawanywa nusu kwa nusu. Watu hawaoni haya kusema maneno yao, lakini huona haya kuyasikia yakirudi yakiwa yametulia.

Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa watu. Ndani ya nyumba yake mambo yalikuwa mengine. Mama Nekesa aliwahi kuniambia, akichambua mchele kwenye ungo, “Mwalimu, huyu mume wangu huniletea maneno ya Nairobi nzima. Yake huyaacha wapi, sijui.” Hakusema kwa utani. Binti yao alipoolewa, yeye alisimama akafasiri hotuba za wazee wa pande zote mbili kwa ufasaha uliowaliza watu, na ulipofika wakati wake kama baba wa bibi arusi akasema tu, “Yaliyosemwa yametosha,” akaketi. Wengine waliita unyenyekevu. Mimi nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi naamini kwamba mtu aweza kuutumia unyenyekevu kama mlango wa nyuma.

Katika miaka yake ya mwisho kazini alianza kuinamisha kichwa upande mmoja anapozungumza nawe, kidevu kikielekea begani, kama ndege anayesikiliza mdudu ardhini. Kanisani alihama benchi lake la siku zote akaketi upande wa pili wa ukumbi. Waumini walisema ni maringo ya uzee. Baba Kamau, mwenye duka la pembeni, alimwiga mbele ya wateja na watu wakavunjika mbavu. Alipoulizwa kwa nini amehama, mkalimani alijibu kwamba upande ule una hewa.

Kisha ukaja uvimbe. Ulianza chini ya taya, nyuma kidogo, mgumu kama kokwa ya parachichi, usio na maumivu. Naandika jambo hilo la maumivu kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linalotuua. Watu wetu humwogopa nyoka anayeuma na kumkaribisha asiyeuma. Kliniki moja ya mtaani, ambayo sitaitaja, iliutazama ule uvimbe, ikaupapasa, ikasema ni TB ya tezi. Hawakutoa hata tone la kupima. Alipewa dawa, akazimeza kwa utiifu wa mtumishi wa serikali, mkojo ukawa rangi ya chungwa, uvimbe ukabaki ulivyo. Aliporudi kusema haupungui, aliambiwa avumilie. Akavumilia. Tumelifanya neno hilo kuwa sala, na hakuna ajuaye linaelekezwa kwa nani.

Mama Nekesa ndiye aliyenigongea. “Mwalimu, mwambie wewe. Mimi hanisikii.” Nilimwambia. Nilimwambia kwa maneno makali nisiyoyajutia, na hatimaye tukaenda watatu hadi hospitali ya umma, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alikuwa mwanamke kijana wa kutoka upande wa kati, mwenye Kiswahili cha haraka kilichochanganyika na Kiingereza, na mikono isiyo na haraka hata kidogo. Uvimbe ulikatwa, ukapelekwa maabara. Majibu yalikuwa saratani.

Lakini hayo yalikuwa nusu ya majibu. “Mzee,” daktari alisema, “huu uliokuwa shingoni ni mgeni. Saratani haikuanza hapa. Imeanzia mahali pengine, ndani huko, ikatuma mbegu shingoni. Nimetazama mdomo, nimetazama koo kwa kamera, sijaona kitu. Iko mahali, lakini ni ndogo na imejificha.”

Mkalimani alifikiri. “Kwa hiyo, daktari, mna mshtakiwa. Hamna makao yake.”

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza. “Ndiyo hivyo hasa.”

Kisha akatueleza jambo ambalo tangu hapo nimelisoma mara nyingi na sijaona mtu aliyelieleza vizuri zaidi. Kuna virusi vya aina mbili, alisema, ambavyo mara nyingine huacha alama yao ndani ya seli za saratani ya koo, na seli hizo huibeba alama hiyo popote ziendapo. Kwa hiyo nyama ya uvimbe wa shingoni ikipimwa na kukutwa na virusi vya aina ya kwanza, vile ambavyo kina mama wanavijua kwa saratani ya mlango wa kizazi, hapo daktari anajua atafute kwenye mafindofindo na kwenye shina la ulimi. Ikikutwa na vya aina ya pili, atafute nyuma ya pua, juu kabisa, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Virusi hivyo vya pili karibu sote tunavyo tangu utotoni, tulivipata kwa mate, kwa kijiko kimoja cha uji, na wengi wetu havitufanyi lolote maisha yote.

“Na msipojua ilikoanzia?” nikauliza.

“Tutakisia. Tutachoma kwa mionzi eneo lote, kutoka nyuma ya pua hadi kwenye kikoromeo. Mate yatakauka, sauti inaweza kwenda. Au tutachoma pasipo penyewe, na yenyewe iendelee kukua. Nikijua mahali, nitaelekeza moto hapo.”

Nilimwona mkalimani akikigusa kikoromeo chake kwa vidole viwili. Basi jambo lilikuwa wazi kwetu sote watatu, na hakuna wa kusema hakuelewa: pahali pajulikane mapema, mtu huyu abaki na uhai wake, na pengine na sauti yake pia.

Maabara ya hospitali ile haikuwa na kipimo hicho wakati huo. Kama ilivyo kawaida yetu, mgonjwa ndiye anayekuwa tarishi wa mwili wake mwenyewe: tulipewa kile kinyama kikiwa kimegandishwa ndani ya kipande kidogo cha nta, kisichozidi kipande cha sabuni ya hotelini, tukipeleke wenyewe kwenye maabara nyingine mjini. Hicho ndicho kilichobaki; kingine chote kilikuwa kimetumika. Ilikuwa Ijumaa jioni. Mama Nekesa alikiweka kabatini kando ya majani chai, tukaagana tukutane Jumatatu.

Mwisho wa juma hilo dada mkubwa wa mkalimani alikuwa amekuja kutoka magharibi kumuuguza. Watoto wa nyumba hiyo walimwita Senje, yaani shangazi, nasi sote tukafuata. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyemlea mkalimani baada ya mama yao kufariki, na ambaye Kiswahili alikisikia kidogo na kukisema kidogo zaidi. Akitafuta majani chai, alikiona kile kipande, akauliza ni nini. Aliambiwa ukweli: ni nyama ya ndugu yako, iliyotolewa shingoni. Alipika chai, akanywa, akalala. Jumapili alipanda basi la kwenda nyumbani kabla watu hawajatoka kanisani.

Jumatatu kabati lilipekuliwa, kisha nyumba, kisha pipa la takataka. Mwisho nikampigia simu Senje mimi mwenyewe, kwa Kibukusu, kwa kuwa nami ni wa upande huo.

“Senje, kile kipande kiko wapi?”

“Kiko kwao.”

“Kwao wapi?”

“Kwa mama yake. Nimekizika miguuni pa mama. Wazee wawili walikuwepo, tumeimba wimbo mmoja, tumeomba.”

“Senje! Kilikuwa kinakwenda kupimwa!”

“Mwanangu, nyama ya mtu haiwekwi kabatini pamoja na majani chai. Mjomba wetu alipokatwa mguu kiwandani, mguu ulizikwa. Au ninyi wa Nairobi mnatupa?”

Nitakuwa mwadilifu kwake. Hakuiba na hakuharibu kwa chuki. Alifanya kile ambacho watu wake wamefanya siku zote, na kwa upendo kuliko wengi wetu tulivyofanya. Lakini upendo usiouliza swali ni mzigo unaobebwa na mwingine, na hasira niliyokuwa nayo siku ile haijapata mahali pa kwenda.

Daktari hakukata tamaa. “Nta haiozi upesi,” alisema. “Wakifukue. Hata kama kimekaa udongoni, waniletee nijaribu.” Na hapa ndipo nilipomwona jirani yangu alivyokuwa kweli. Alichukua simu, akampigia dada yake, akampitishia maneno ya daktari yote, bila kuongeza wala kupunguza. Akasikiliza. Akamgeukia daktari.

“Anasema kaburi halifukuliwi. Anasema kufukua kiungo cha mtu aliye hai ni kumwita mwenyewe akifuate. Anasema hata akikubali yeye, wazee hawatakubali bila kukaa, na hawakai msimu wa kupanda.”

“Mwambie bila hicho sijui pa kuchoma.”

Akamwambia. Akasikiliza. “Anasema Mungu anajua.”

“Na wewe, Mzee?” nikamuuliza, pale pale mbele ya daktari. “Dada amesema lake, daktari amesema lake. Wewe umesema nini?”

Alinitazama kama niliyemwomba jambo la aibu. “Mimi sijasema,” alijibu.

Shingo ilikuwa yake. Koo lilikuwa lake. Naye alisimama kati ya watu wawili waliogombea mwili wake, akawa mkalimani wao. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamletea mchungaji. Neno lake moja kwa dada yake, kama ndugu aliyelelewa na huyo dada, lingetosha: “Mimi naomba kifukuliwe.” Hakulitamka. Kila nilipomshika alisema yule ni kama mama yake na amekwisha sema. Hata la kuchomwa kwa kukisia hakulitolea neno. Miezi ilikwenda hivyo, wazee wakasubiri mahindi yaote, yakaota, wakasubiri mengine.

Mtaani, wakati huo, habari ilikuwa imepata miguu. Nilikwenda dukani kununua mkate, Baba Kamau akaniinamia juu ya kaunta.

“Mwalimu, nasikia mzee amepatikana na virusi. Na vile alikuwa anajifanya mtakatifu!”

“Hajapatikana na chochote, hajapimwa. Na hivyo wanavyovitafuta, vya aina moja hata wewe unavyo. Ulivipata ukilishwa uji.”

“Mimi? Ushindwe!”

“Ushindwe wewe na mizani yako,” nikamjibu, nikaacha mkate.

Naliandika hili kwa sababu ndilo donda letu. Ugonjwa ukiingia nyumba ya mtu, daktari huuliza umeanzia wapi, sisi huuliza nani amekosa. Swali la daktari lina jibu linaloweza kuponya. Letu lina majibu mengi matamu, na hakuna hata moja lililowahi kumwinua mgonjwa kitandani.

Uvimbe wa pili ulitokea upande mwingine wa shingo, na kwa ukatili wa mambo ulivyo, huo ndio uliotusaidia. Daktari alitoa nyama nyingine, na safari hii aliipeleka mwenyewe maabara ya mjini, ndani ya mkoba wake, bila kuipitisha kwa ndugu yeyote. Majibu yakaja: virusi vya aina ya pili, vile vya utotoni. Akaingiza kamera puani, akaenda moja kwa moja hadi juu nyuma ya pua, pembeni, kando ya kile kijia chembamba kinachounganisha koo na sikio. Hapakuonekana kitu cha kutisha, alitueleza, ila ngozi iliyovimba kidogo ambayo siku nyingine angeipita. Kwa kuwa sasa alijua pa kukata, alikata. Hapo ndipo ilipoanzia.

Aliporudi kutueleza alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Kisha, akimtazama mkalimani, furaha ikamtoka polepole.

“Mzee, sikio hili la kushoto linasikia?”

Mkalimani akainamisha kichwa upande, kidevu kikielekea begani.

“Saratani ikiwa pale, mara nyingi huziba sikio la upande huo. Sikio halijakusumbua?”

Mama Nekesa ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayeona jambo likijipanga mbele yake. “Baba Nekesa, ndiyo maana unalalia upande ule?”

“Limeziba,” akasema mkalimani. “Limeziba kabla ya uvimbe. Muda mrefu kabla.”

“Mbona hukuniambia nilipokuuliza siku ya kwanza?” Daktari hakupandisha sauti, na ndiyo maana swali lilikata. “Nilikuuliza: masikio?”

“Nilisema ni mazima. Mkalimani wa sikio moja,” alisema, “hapewi kesi.”

Basi yule aliyekataa mshtakiwa aongezewe au apunguziwe hata silabi alikuwa ameuacha nje ushahidi wake mwenyewe. Nilitoka nikasimama ukumbini. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilikuwa nimekasirika. Kinyama kimoja kilizikwa na mwanamke asiyejua kusoma, na sikio moja lilizikwa na mtu aliyesoma sheria za ushahidi kwa kuzisikia kila siku, na kati ya makaburi hayo mawili mwaka mzima ulikuwa umepotea.

Alichomwa, kama watu wasemavyo, majuma mengi, na kemo, zile dawa kali za saratani, juu yake. Moto ulielekezwa mahali pake, na sauti ikabaki, nyembamba, kama redio iliyoko chumba cha pili. Mate yalikauka. Alitembea na chupa ya maji kila mahali na hakurudi kortini. Kwa muda tulitumaini. Mama Wambui alimletea supu kila Jumatano na kumwambia yeye ndiye mchawi aliyemroga apone.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa muda mrefu ilikuwa hospitalini, siku ya majibu ya picha mpya. Mama Nekesa alikuwa na homa, kwa hiyo tulikwenda mimi, yeye na Senje, aliyekuja tena kutoka nyumbani na kuketi kwenye kiti cha chumba cha daktari akiwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono yote miwili, kama aliyekuja kuposa.

Daktari alisema yote kwa utaratibu, akimtazama kila mmoja wetu. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Kilichobaki ni kupunguza maumivu, na hilo atalifanya vizuri. Kisha, nadhani kwa uchungu wake mwenyewe, na kwa sababu kulikuwa na wanafunzi wawili wa udaktari ukutani waliopaswa kujifunza, akaongeza: “Tungeikuta mapema. Kile kipande cha kwanza kisingezikwa, kingetuonyesha tangu mwanzo. Na kama mzee angetuambia habari ya sikio, tusingekihitaji hata hicho kipande. Mambo hayo mawili.”

Senje alimgeukia ndugu yake. “Anasema nini?”

Mkalimani alikunywa maji. Akanyoosha mgongo. Nililiona lile tendo, mabega kurudi nyuma na mikono kushikana mbele, nikajua amesimama kortini ingawa alikuwa ameketi.

“Anasema ugonjwa umeingia kwenye mifupa,” alimwambia kwa Kibukusu, taratibu, sauti ikikwaruza. “Anasema hautatoka. Anasema watanipa dawa ya maumivu. Anasema wangeuona mapema kama ningewaambia habari ya sikio langu.”

Nikasubiri. Daktari, ambaye hakujua lugha ile, naye alisubiri, kwa kuwa maneno yaliyotoka yalikuwa machache kuliko yaliyoingia. Hapakuja mengine.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Senje alilia kwanza, kisha akageuka na kumshukia kwa ukali wote wa mwanamke aliyemlea.

“Mtu mzima kuficha sikio! Ulikuwa unaogopa nini? Mimi nilikihifadhi hata kile kipande chako kidogo kisipotee, nikakilaza kwa mama, na wewe unaficha sikio zima! Umejimaliza mwenyewe!”

“Ndivyo, dada,” akasema.

“Umejimaliza!”

“Ndivyo.”

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, iliyo sawa kwa kila neno, na kwa yote niliyoamini maishani sentensi hiyo ilikuwa haki ya mwanamke yule kuisikia, yeye na wazee wake wawili na kila nyumba ya kijiji kile itakayopewa kesho kipande cha nta ibebe. Mkalimani akainua kiganja, kidogo tu, kama alivyokuwa akimzuia shahidi anayesema kabla ya zamu yake.

“Mwalimu,” aliniambia kwa Kiswahili, kwa haraka ili dada yake asishike, “hayo mengine sikuyapitisha. Huyu atabaki. Aachiwe kitu cha kubaki nacho.”

Hayo ndiyo maneno yake mwenyewe pekee niliyowahi kuyasikia, nayo yalikuja kumzuia mtu kusema kweli. Hasira ilinishika, na haijaniisha nikiandika haya.

“Amesema nini?” Senje akaniuliza, macho yakiwa bado na machozi, akitutazama mmoja baada ya mwingine.

Mkalimani hakuniangalia. Aliangalia sakafu, akiwa ameligeuza kwangu lile sikio zima.

“Amesema ana kiu,” nikasema.

Senje akaichukua chupa mikononi mwake, akaifungua kifuniko, akaiweka midomoni pa ndugu yake na kuishikilia, huku akiendelea kumgombeza.